Namna ya Kubuni Ulimwengu Ambamo Binadamu Wanapungua

Mwandishi anayetaka kubuni ulimwengu ambamo binadamu wanafifia huku viumbe wengine wakistawi, mara nyingi huanza na vita kuu, mji ukiteketezwa na mfalme akiuawa, kisha hukuta kwamba baada ya kurasa kumi hana tena la kusimulia. Mimi ninaishi Kilwa Masoko, ng'ambo ya pili ya maji kutoka Kilwa Kisiwani, na kila ninapovuka kwa mashua kwenda kwenye magofu ya mji wake wa kale narudi na ushauri uleule: anza na kazi ambayo watu wako walikuwa wakiifanya na sasa hawaiwezi.

Kabla ya kazi hiyo, tafuta sababu. Ibn Battuta, msafiri kutoka Moroko, alipofika Kilwa mwaka 1331 aliusifu mji kwa uzuri wake, na utajiri wake ulitokana kwa sehemu kubwa na dhahabu iliyopitia Sofala, bandari iliyo katika Msumbiji ya leo. Mwaka 1505 Wareno waliuvamia, lakini uvamizi peke yake haukuumaliza; kilichouumiza zaidi ni biashara kuondolewa mikononi mwake, na karne kadhaa baadaye soko kubwa la eneo hili lilikuwa bara, Kilwa Kivinje. Basi jiulize binadamu wako walishika nini ambacho wengine walikihitaji, kisha amua njia ya kitu hicho iligeukia wapi. Sababu ya namna hiyo ina faida kubwa kwa mwandishi, kwa maana inaendelea kufanya kazi kimyakimya katika kila nyumba, miaka mingi baada ya mapanga kurudishwa alani.

Sasa twende kwenye kazi yenyewe, na hapa usiwe na haraka. Kuta za Kisiwani zilijengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, na chokaa hiyo ilipatikana kwa kupanga kuni nyingi, kurundika matumbawe juu yake na kuyachoma hadi yawe unga. Kwa hiyo ukuta mmoja unahitaji wakata kuni, wazamiaji, wachomaji na waashi, na wote wawe na mtu wa kuwalisha. Watu wakipungua, atakosekana mmojawapo kwanza. Katika mji wako mwonyeshe mama anayeziba ufa wa ukuta wa babu zake kwa udongo wa mfinyanzi. Udongo unakauka, unapasuka, mvua za masika zinaubeba, na mwaka unaofuata anaziba tena mahali palepale, akiisugua kwa kidole ile chokaa ya kale iliyo ngumu kama jiwe na asijue ilichomwa kwa kuni za mti gani. Msomaji akiona kidole hicho hutahitaji kumweleza kwamba enzi imepita.

Jambo la pili ni hesabu, ambayo waandishi wengi huiacha. Tuseme mji wako ulikuwa na watu 1,000 na kila kizazi cha miaka 25 kinapungua kwa robo. Baada ya kizazi kimoja watabaki 750, kisha takriban 562, kisha 422, na ikifika miaka 100 watakuwa kama 316. Maana yake ni kwamba bibi wa miaka 75 ameona kwa macho yake zaidi ya nusu ya mji ikitoweka, na jirani asiye binadamu anayeishi miaka 300 anakumbuka majina ya mitaa ambayo wenyeji wenyewe wameyasahau. Mwache jirani huyo ayataje majina hayo kwa upendo. Jirani mwema anayeijua historia yako kuliko wewe anauma zaidi ya adui.

Hesabu hiyo ipe mahali pa kugonga. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, sala ya Ijumaa huhitaji watu 40, na tangu utotoni nimefikiri sana juu ya kijiji ambacho wamefika 39. Ulimwengu wa kubuni uwe na ibada yake, nami sipendi kuazima ya watu walio hai. Mimi nilibuni jahazi la wafu, zito kiasi kwamba halishuliwi bila mikono ya watu 40, linaloteremshwa majini mara moja kwa mwaka juu ya magogo yaliyopakwa mafuta. Mwaka ambao hawatimii, watu wa mwambani, wanaoishi kwenye miamba ya bahari na ambao wameoa na kuolewa mjini kwa vizazi vitatu, wanajitolea kusukuma. Je, mkono wao unahesabiwa? Na mtoto wa mchanganyiko, anayeota ndoto kwa lugha ya mwambani, ni mmoja wa 40 au sivyo? Maswali haya mawili yalinipa riwaya nzima.

Jihadhari na kosa moja ambalo mimi mwenyewe nililifanya kwa muda mrefu, nalo ni kuwaandika watu hawa kana kwamba kazi yao ni kuomboleza tu. Kisiwani kuna watu mpaka leo: wanavua, wanalima, wanaozesha watoto wao kando ya magofu, na hawaamki kila siku wakiwaza masultani. Binadamu wako pia wagombane juu ya mpaka wa shamba, wacheke, wadaiane, wasubiri msimu kama tunavyousubiri sisi wa korosho.

Ukiwa tayari, andika kwanza asubuhi ya kushua jahazi: magogo yamekwisha kupakwa mafuta, maji yanajaa, mzee anahesabu vichwa kwa mara ya tatu, na kila mmoja pale ufukweni amekwisha kujua kwamba ni 39.