Taya likiuma, tenganisha meno
Daktari wa meno amenifundisha hili baada ya kuumwa kiungo cha taya, pale mbele ya sikio, kwa wiki kadhaa. Tamka "n", kisha acha ulimi hapohapo, ncha ikigusa nyuma ya meno ya juu. Funga midomo, lakini meno yasigusane. Misuli ya kutafunia hulegea na kiungo hupumzika. Mimi nilikuwa nabana meno hata nikiandika meseji. Rudia kila unapokumbuka. Ila taya likikwama, hata vidole viwili haviingii mdomoni, hii haitoshi, na usililazimishe. Wahi hospitali: kiungo huweza kuoshwa kwa sindano mbili, moja ikiingiza maji ya chumvi, nyingine ikiyatoa, bila kupasuliwa.