Meli yako inaenda Rotterdam kwa mara ya kwanza? Hivi ndo unavyopanga kuanzia wakala mpaka inaondoka

Hii nawaandikia nyie mnaokaa kwenye ofisi za meli Dar, Mtwara na Mombasa, hasa wadogo zangu mlioanza operesheni juzijuzi, maana maswali yanayonifikia ni yaleyale kila siku: meli inaenda Uholanzi, tunaanzia wapi, kibali anaombwa nani, tena lini. Nitashika mfano mmoja mwanzo mpaka mwisho, meli ya kichele (ya mzigo usiofungashwa) iliyopakia makaa ya mawe Mtwara inaenda kushusha Rotterdam. Mfano wenyewe upo karibu na nyumbani, maana mwaka 2022 vita ya Ukraine ilivyovuruga soko la nishati, Mtwara tuliyoizoea kwa korosho ikaanza kujaa meli za makaa ya Ruvuma na mzigo mwingine ulielekea hukohuko Ulaya.

Kabla ya hatua yoyote elewa kwamba Rotterdam taarifa ndo zinatangulia, meli inakuja nyuma yake. Bandari ile mwaka 2024 ilipitisha tani zaidi ya milioni 430, na kuanzia mjini mpaka Maasvlakte kule baharini ni kama kilomita 40 za magati, sasa bandari kubwa hivyo haiwezi kukaa inasubiri nahodha afike ndo aanze kujieleza. Kila kitu kinahesabiwa kurudi nyuma kutoka kitu kimoja tu, ETA, yaani saa meli inayotarajiwa kufika. Masaa 72 kabla ya ETA, masaa 24 kabla ya ETA, masaa 4 kabla ya ETA. Ukiwa na ETA ya uongo basi taarifa zako zote ni za uongo hata kama umejaza fomu vizuri namna gani.

Anza na wakala. Meli ikiwa bado inapakia Mtwara, au hata kabla, teua wakala wa Rotterdam kwa barua pepe inayosema wazi nani anamlipa, mwenye meli au mkodishaji (yule aliyeikodi meli), maana hapa ugomvi mwingi ndo huzaliwa. Wakala ndo mwenye mlango wa kuingilia Portbase, mfumo ambao bandari za Uholanzi wanautumia kupokea taarifa za meli na mizigo, na yeye ndo anakuombea namba ya safari inaitwa UCRN. Hiyo namba ni ya ujio huo mmoja tu, meli ikirudi mwezi ujao inapata nyingine, na kila idara itakayogusa meli yako itaitumia, kwahiyo iandike kwenye kila barua pepe. Mpe wakala vipimo vya meli, vyeti vyote vya meli, namba ya IMO inayoitambulisha meli, drafti (kina meli inachozama majini) ya kuingilia na ya kutokea, kiasi cha mzigo, bandari iliyopita na inayofuata. Halafu mwombe makadirio ya gharama: ushuru wa bandari unaotegemea ukubwa wa meli kwa GT (kipimo cha ujazo wa meli) pamoja na mzigo, rubani, tagi (boti za kuvuta meli), wafunga kamba, taka, ada yake mwenyewe. Hela itume mapema, siku za kazi za benki zinakula muda kuliko unavyofikiri hasa ikiangukia Ijumaa.

Wakati huohuo gati. Makaa yanashushwa kwenye teminali za kichele, na teminali ndo inakupa zamu sio mamlaka ya bandari, kwahiyo wakala aongee nao na we uongee na mpokea mzigo. Drafti kwa meli zetu za ukubwa huu kwa kawaida sio shida, wanaobanwa ni yale majitu ya madini ya chuma na mafuta ghafi yanayozama mpaka mita 22 na kitu, hayo yanapita kwenye mfereji uliochimbwa chini ya bahari unaitwa Eurogeul na yanaingia kwa kufuata maji kujaa tu. Raha nyingine ya Maasvlakte ni kwamba hakuna malango ya maji ya kupita kama Amsterdam, unaingia moja kwa moja kutoka baharini.

Sasa masaa 72. Hii wengi wanairuka kwa kudhani masaa 24 yanatosha kwa kila meli. Meli ya kichele yenye umri zaidi ya miaka 12, au meli yoyote iliyowekwa kwenye kundi la hatari kubwa, inastahili ukaguzi mpana, na lazima itoe taarifa masaa 72 kabla ya kufika ili wakaguzi wajipange. Ukaguzi wenyewe uko chini ya Paris MoU, makubaliano ya nchi zinazokagua meli za kigeni bandarini kwao, na kwa Uholanzi wanaofanya ni ILT, idara ya serikali ya ukaguzi. Hapa niseme kitu kinachoniuma kama Mtanzania: bendera yetu imekaa kwenye orodha nyeusi ya Paris MoU kwa miaka mingi, kwahiyo meli ikipeperusha bendera ya Tanzania inaanza na alama mbaya kabla hata mkaguzi hajapanda ngazi, na meli ya bendera ya orodha nyeusi iliyozuiliwa zaidi ya mara mbili ndani ya miezi 36 inaweza kupigwa marufuku bandari zote za eneo hilo. Kama mmekodi meli angalia bendera na historia yake kabla ya kusaini mkataba, mkishasaini mmechelewa.

Masaa 24 kabla ya kufika ndo mzigo mzito wa karatasi. Kuna taarifa ya ujio wenyewe, idadi ya watu na ETA na ETD, yaani saa ya kuondoka. Kuna taarifa ya usalama chini ya ISPS, kanuni za kimataifa za ulinzi wa meli na bandari, pale unaorodhesha bandari 10 za mwisho na kiwango cha usalama cha kila moja, na namba ya cheti cha ulinzi wa meli, ISSC. Kuna orodha ya mabaharia inayoenda kwa polisi wa bandari, Zeehavenpolitie, hao ndo uhamiaji wa pale. Kuna tamko la afya la nahodha, na hapo angalia cheti cha usafi wa meli maana kinadumu miezi sita tu na safari ya kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema ni ndefu, kinaweza kikaisha muda katikati ya bahari bila mtu kukumbuka. Na kuna taarifa ya taka nitakayoirudia.

Orodha ya mabaharia usiichukulie poa. Niliwahi kushughulikia meli iliyosimama Durban kwa mafuta tu, na pale akashuka fundi mmoja akapanda mwingine, ofisi iliyokuwa inasimamia mabaharia ikaendelea kutuma orodha ileile ya mwanzo wa safari na mimi nikaipeleka kwa wakala bila kumuuliza nahodha, meli imefunga kamba polisi wanapanda wanahesabu, jina moja halina mtu na mtu mmoja hana jina. Masaa yakaenda kueleza, winchi za teminali zimesimama, na yule kijana aliyepanda Durban akakaa anatetemeka akidhani anafungwa wakati hana kosa lolote. Tangu siku hiyo orodha naichukua kwa nahodha mwenyewe siku mbili kabla, na herufi za pasi nazifananisha moja moja. Mkumbuke pia hiyo orodha ndo inampa baharia nafasi ya kushuka kutembea mjini bila viza, maana sheria ya mipaka ya Schengen inamruhusu aliye kwenye orodha iliyokaguliwa kushuka ndani ya eneo la mji wa bandari meli ikiwa pale. Kwa mtu aliyekaa wiki nyingi baharini saa mbili za kugusa ardhi ni kitu kikubwa, usimnyime kwa herufi moja. Anayejiunga na meli au anayeshuka kurudi nyumbani huyo ni habari nyingine, viza inahitajika na ianze kuombwa mapema.

Forodha nayo ina taarifa yake ya mzigo unaoingia inaitwa ENS, inaenda kwenye mfumo wa forodha wa Ulaya, ICS2. Kwa makontena inatakiwa masaa 24 kabla ya kupakia kule bandari ya kwanza, yaani Dar au Mombasa mzigo ukiwa bado chini, lakini kwa kichele kama makaa ni masaa 4 kabla ya kufika bandari ya kwanza ya Umoja wa Ulaya. Unahitaji namba ya EORI, ya kukutambulisha kwa forodha za Ulaya, na maelezo ya mzigo yenye msimbo wa forodha wa tarakimu sita, ukiandika tu "mzigo wa jumla" itakurudia. Namba ya EORI isiombwe siku ya mwisho.

Taka. Fomu inaonekana ndogo, chifu injinia anaijaza kwa haraka, halafu ndo inaleta bili. Sheria ya Ulaya namba 2019/883 inasema meli ishushe taka zake zote kabla ya kuondoka, isipokuwa ina nafasi ya kutosha kuzihifadhi mpaka bandari inayofuata. Lakini isipothibitika kwamba bandari inayofuata ina mahali pa kutosha pa kupokelea taka, au bandari yenyewe haijajulikana, basi inatakiwa ushushe zote, na meli zetu nyingi zikishusha makaa zinaondoka zikisubiri maagizo, kwahiyo usije ukashangaa. Habari njema ni kwamba takataka za kawaida za meli umeshazilipia ndani ya ada ya lazima, utumie au usitumie, kwahiyo zishushe tu. Mabaki ya mzigo hayamo humo, vumbi la makaa na maji ya kuoshea vyumba vya mzigo unalipia pembeni, liwekee hesabu tangu kwenye makadirio na mkubaliane mapema na mpokea mzigo nani analipa.

Meli ikikaribia Mlango wa Uingereza kuna suala la mafuta. Bahari ya Kaskazini na mlango huo ni eneo la salfa ndogo, asilimia 0.10 tangu mwaka 2015, na ubadilishaji wa mafuta uwe umekamilika kabla ya kuingia eneo hilo, saa na mahali viandikwe kwenye kitabu cha meli. Wakaguzi wanachukua sampuli kweli.

Turudi kwenye ETA maana hapa ndo kazi ya kila siku ilipo. Rubani, tagi na wafunga kamba wanaagizwa kupitia wakala kwa saa maalum. Wafunga kamba wa pale ni chama cha KRVE, kipo tangu 1895, marubani ni Loodswezen, na wote hawa wanazo meli nyingine nyingi za kuhudumia siku hiyohiyo. Upepo ukibadilika Ghuba ya Biscay meli ikapoteza masaa sita, mwambie wakala sasa hivi, usisubiri ukidhani nahodha atafidia kwa kuongeza mwendo. Ukisogeza mapema watu wanasogea na wewe bila gharama kubwa, ukisogeza dakika za mwisho unalipia na unaweza kupoteza zamu ya gati. Na gati likichelewa kuwa wazi usiruhusu meli ikimbie ije kutia nanga tu, omba teminali saa mpya, mpe nahodha apunguze mwendo, mafuta utakayookoa utayaona kwenye hesabu. Hakikisha mkataba wa kukodi meli unaruhusu kupunguza mwendo, vinginevyo mkodishaji atakudai.

Siku ya kufika yenyewe nahodha anaijua kazi yake. Anaripoti Maas Approach, kituo kinachoongoza meli zinazokaribia, kwenye redio ya VHF chaneli 1, anapewa maelekezo, rubani anapanda. Ninachowaomba ofisini ni mmuulize nahodha hali ya ngazi ya rubani wiki moja kabla, kamba zake na tarehe za kutengenezwa, na kama kuanzia maji mpaka deki ni zaidi ya mita 9 ngazi ya kamba lazima iungane na ile ya pembeni. Marubani wamekufa kwa ngazi mbovu, na rubani akikataa kupanda ana haki yake.

Ikiwa gatini, kazi ya kuchomelea au moto wa aina yoyote haifanyiki bila kibali. Vipimo vya drafti mwanzo na mwisho wa kushusha vifanyike na mkaguzi wa pande zote, hapo ndo tani za makaa zinapopatikana au kupotea. Mafuta ya kuondokea agiza mapema, Rotterdam ndo soko kubwa la mafuta ya meli Ulaya, bei zao huwa nzuri.

Kabla ya kuondoka wakala anatoa taarifa ya kuondoka, na stakabadhi ya taka ibaki melini, inatakiwa ikae miaka miwili isiyopungua.

La mwisho ni hewa ukaa, na hili ni geni kwa wengi wetu. Tangu Januari 2024 meli za GT 5000 na zaidi zinalipia moshi wake Ulaya kwa kununua vibali: safari ya kutoka nje kuingia Ulaya inahesabiwa nusu, asilimia 50, na ukiwa gatini pale Rotterdam inahesabiwa yote. Sasa sikiliza hapa, ile Durban tuliyosimama kwa mafuta na kubadilisha mabaharia haihesabiki kama bandari ya safari, kwahiyo moshi unahesabiwa kuanzia Mtwara kote huko mpaka Rotterdam. Ungepakia au kushusha mzigo Durban, hesabu ingeanzia Durban. Mkodishaji na mwenye meli wakubaliane kwenye mkataba nani ananunua vibali hivyo, kwa sababu ripoti iliyohakikiwa inatakiwa ifike si zaidi ya tarehe 31 Machi mwaka unaofuata na vibali vikabidhiwe kufikia tarehe 30 Septemba, wakati huo makaa yalishachomwa zamani na mkodishaji hapokei simu.