Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kutoa Matoleo Mapya ya Vifurushi Vinavyotegemeana

Kwanza, chora kifurushi kipi (msimbo wa programu uliofungashwa ili wengine wautumie) kinategemea kipi. Usitegemee kumbukumbu. Chukua karatasi, andika jina la kila kifurushi na uchore mishale, kwa sababu utaratibu wa kutoa matoleo unafuata mishale hiyo: cha chini kabisa hutangulia, kisha kinachokiegemea, na cha juu huja mwisho. Ukitanguliza cha juu, atakayekisakinisha katika dakika hizo atahitaji toleo la chini ambalo bado halipo hazinani (ghala la mtandaoni ambako vifurushi hupakuliwa), na kazi yake itakwama. Ukiona viwili vinategemeana kwa mzunguko, usitoe chochote. Ihamishie kwanza sehemu vinayoitumia kwa pamoja katika kifurushi cha tatu.

Majaribio yote yawe yamepita. Orodha ya mabadiliko iwe imeandikwa kwa maneno ambayo mtumiaji ataelewa.

Sasa namba ya toleo, na hapa naomba usome polepole. Namba huwa na sehemu tatu: ya kwanza hupanda unapovunja kilichokuwapo, ya pili unapoongeza kitu bila kuvunja, ya tatu unaporekebisha kasoro. Npm, yaani programu ya kusakinisha vifurushi vya lugha ya JavaScript na pia jina la hazina yake, inaposakinisha kifurushi kwa ajili ya mradi, kwa kawaida huandika alama ya ^ mbele ya namba, na ^2.4.0 maana yake ni toleo lolote kuanzia 2.4.0 mradi lisifike 3.0.0. Kwa hiyo namba unayoiandika ni ahadi, na kompyuta za watu huipokea bila kukuuliza tena.

Mimi niliivunja ahadi hiyo. Nilikuwa na vifurushi viwili: cha chini kilikokotoa bei, na cha juu yake kiliandaa risiti. Katika kile cha chini nilibadilisha bei irudi kama maandishi badala ya namba, ili kiasi kikubwa kisipoteze usahihi, nikakiita 2.4.1 kwa kuwa niliyaona ni marekebisho madogo. Majaribio ya risiti yalipita yote. Yalipita kwa sababu faili langu la kufunga matoleo, linaloandika namba kamili ya kila kifurushi kilichosakinishwa, lilikuwa bado limeshikilia 2.4.0, na faili hilo haliendi hazinani pamoja na kifurushi. Lilinilinda mimi peke yangu. Jioni hiyohiyo ya Ijumaa, programu ya mauzo ya duka moja ilijengwa upya bila faili la aina hiyo, ikachukua 2.4.1. Mwenye duka alinitumia picha ya risiti: sukari 3000, mafuta ya kula 7500, jumla 30007500. JavaScript ikikutana na alama ya kujumlisha kati ya maandishi mawili huyaunganisha, na ndivyo ilivyofanya. Foleni ilikuwa imefika mlangoni, na muuzaji alikuwa akijumlisha kwa kalamu juu ya kipande cha katoni ya biskuti.

Nilikimbilia kuliondoa toleo lile, nikakataliwa. Mwezi Machi 2016 mtu mmoja aliondoa hazinani kifurushi cha left-pad chenye mistari 11 tu, na miradi mingi duniani ikashindwa kujengwa. Tangu hapo npm iliweka masharti. Ndani ya saa 72 za mwanzo unaruhusiwa kuondoa ikiwa hakuna kifurushi kingine hazinani kinachokitegemea, na changu kilitegemewa na kile cha risiti. Hata ukifanikiwa kuondoa, namba iliyokwisha kutumika hairudiwi. Njia iliyobaki ilikuwa kurudisha msimbo wa zamani, kuutoa kama 2.4.2, na kuweka onyo kwenye 2.4.1. Badiliko lenyewe lilistahili kuwa 3.0.0. Kwa wanaotumia lugha ya Python, hazina yake, PyPI, inakuruhusu kulitenga toleo baya ili visakinishi vilipite, isipokuwa kwa mtu aliyeitaja namba hiyo hasa. Jua njia ya kurudi katika hazina yako kabla hujaihitaji.

Tangu siku hiyo sitoi kitu kabla ya kukifungasha kwa amri ya npm pack, kukisakinisha katika folda tupu isiyo na faili la kufunga matoleo, na kuendesha humo majaribio ya kila kifurushi kilicho juu yake. Folda ulizoziunganisha kwenye kompyuta yako hazikupi ushahidi huo, maana zinasoma msimbo ulio mezani kwako, wakati mteja atasoma ulichokifungasha. Badiliko likiwa kubwa, litoe kwanza kama toleo la majaribio, kwa mfano 3.0.0-beta.1, chini ya lebo ya next, ili anayesakinisha kwa njia ya kawaida asiguswe.

Washa uthibitisho wa hatua mbili kwenye akaunti yako. Hakikisha mwenzako mmoja ana ruhusa ya kutoa toleo ikiwa wewe hupatikani. Baada ya kutoa cha chini, hakikisha kinaonekana hazinani ndipo utoe kinachofuata. Usitoe Ijumaa jioni, wala usiku wa kuamkia sikukuu, wala ukiwa unakaribia kupanda basi la mkoani, na simu iwe na chaji mpaka utakapomwona mtumiaji wa kwanza amesakinisha na kazi yake inaendelea.