Kupinga silaha kwa sababu ya imani: barua ya mhitimu wa Kusini aliyeitwa JKT

Wito wa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) la Tanzania kwa mujibu wa sheria, uliorejeshwa mwaka 2013, humkuta mhitimu wa Ndanda au Mtwara Ufundi ndiyo kwanza kamaliza kidato cha sita. Kama imani yako inakukataza kushika silaha, andika mapema. Asiyefika bila maandishi huonekana mtoro tu, na dhamiri yake hakuna anayeijua.

Kwanza tenga unachokipinga. Msabato anaweza kuwa na mambo mawili: bunduki, na kazi za kuanzia Ijumaa jua linapozama hadi Jumamosi jua linapozama. Binti wa Kiislamu pengine anachotaka ni kusitiriwa badala ya kuvaa bukta. Hilo ni ombi la mavazi, liandikie barua yake. Ukirundika yote pamoja, la silaha litamezwa na madogo.

Barua iwe ukurasa mmoja, kwa Mkuu wa JKT, Makao Makuu, Dodoma, kupitia kwa mkuu wa kikosi ulichopangiwa, kwa mfano Nachingwea. Weka jina, namba ya mtihani, shule na kikosi. Ombi lenyewe liseme waziwazi: “Naomba nisipewe silaha wala mafunzo ya kulenga shabaha. Niko tayari kulima, kupika na kutoa huduma ya kwanza.” Sentensi hiyo ya pili ndiyo yenye uzito, kwani inaonyesha hukimbii kazi.

Ambatisha barua ya kiongozi wako wa dini yenye muhuri, itaje tangu lini wewe ni muumini. Hapa wengi hukwama: kanisani ni Yohana, kwenye cheti ni John. Majina yakitofautiana, pata kiapo cha majina kwa wakili.

Taja Ibara ya 19 ya Katiba, inayolinda uhuru wa imani, ukijua kwamba Ibara ya 30 inaruhusu sheria kuuwekea mipaka. Mwaka 2013 Mahakama ya Rufani iliwapa haki wanafunzi Mashahidi wa Yehova walioadhibiwa shuleni kwa kutoimba wimbo wa taifa. Kesi hiyo haikuhusu JKT, kwa hiyo usiitegemee peke yake.

Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa urudi nayo. Barua haifuti wito: jibu lisipofika, ripoti ukiwa na nakala, uombe kuonana na mkuu wa kikosi kabla ya kugawiwa silaha. Kama huwezi kabisa kuingia kambini, muone wakili kabla ya tarehe ya kuripoti. Asiye na pesa aulizie msaada wa kisheria ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri yake.