Mmea wa ZZ na Jua la Nje: Kiasi Unachoweza Kustahimili

Mmea ambao wauzaji wa maua mijini huuita ZZ, na ambao jina lake la kitaalamu ni Zamioculcas zamiifolia, ni mzaliwa wa huku kwetu. Huota wenyewe Kenya na Tanzania, kuelekea kusini hadi mashariki mwa Afrika Kusini, chini ya miti ya misitu mikavu na kwenye nyufa za miamba. Kwa kuwa ni wa kwetu na haufi upesi kwa kiu, wengi huuweka juani siku ile ile wanayoununua, wakisahau kwamba huko porini jua huufikia kwa vipande vipande, likipenya kati ya matawi. Tunguu lake nene huhifadhi maji ardhini, hivyo ukame unauweza. Kuvumilia jua la adhuhuri ni jambo jingine.

Jani lililokomaa kivulini kwa sehemu kubwa hubaki jani la kivuli hadi linapodondoka. Kinachozoea jua ni chipukizi linalofunguka baada ya mmea kuhamishwa. Kwa hiyo uhamisho ufanyike polepole, na ni vema uanze siku za mawingu: wiki ya kwanza mmea upate jua la saa moja hadi saa mbili asubuhi, kisha uongeze muda kidogo kidogo kwa wiki nne hadi sita, bila kuvuka saa nne asubuhi. Kuanzia hapo hadi alasiri, mmea huu uwe chini ya kivuli.

Dalili za kuungua hutambulika. Doa huanza likiwa jeupe mithili ya bua kavu, kisha hugeuka kahawia na kukauka, nalo huwa upande uliotazama jua peke yake. Niliwahi kuchunguza jani lililoungua lote isipokuwa sehemu moja ya kijani yenye umbo kamili la jani dogo lililokuwa limelifunika kwa juu. Ugonjwa hauchori alama ya namna hiyo, wala kiu haichori. Inasikitisha kwamba mara nyingi mkulima akiona madoa hayo huongeza maji, na tunguu ambalo halikuwa na tatizo lolote likaoza.

Kivuli cha nyumba nacho huhama. Dar es Salaam iko takriban nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Kwa sababu hiyo mwezi Juni jua la adhuhuri hupita upande wa kaskazini, na mwezi Desemba hupita upande wa kusini. Vyungu vilivyostawi kwenye baraza ya kusini wakati wote wa kusi vinaweza kuanza kupigwa na jua kali kaskazi inapoingia, mwenye nyumba asielewe kilichobadilika, kwa kuwa hajavisogeza hata hatua moja. Vikague mwanzoni mwa Novemba.

Kwa kitalu cha biashara, tumia wavu wa kivuli unaozuia asilimia 70 hadi 80 ya mwanga. Kivuli cha mwembe kinafaa pia, na makuti yaliyosukwa yanafaa mradi yasizibe mwanga kabisa, maana gizani vikonyo hurefuka, vijani huachana na mmea mzima hulala upande mmoja.

Viriba vyeusi vilivyopangwa juu ya sakafu ya saruji vinahitaji uangalizi zaidi kuliko majani yenyewe. Plastiki nyeusi hunyonya joto, saruji hulirudisha, na mizizi iliyo karibu na ukingo huungua huku majani yakiwa bado yanang'aa. Vipange juu ya udongo au changarawe, vikiwa vimekaribiana ili vikingane, na safu ya nje ikingwe kwa ubao au nyasi kavu. Mwagilia udongo ukishakauka hadi chini.

Jani lililoungua halirudi kuwa kijani, lakini sehemu iliyobaki hai bado hulisha tunguu, hivyo usilikate hadi kikonyo kikauke. Vaa glavu, kwa sababu utomvu wake huwasha. Vijani vyenye afya unavyovipata katika kazi hiyo vichomeke kwenye mchanga wenye unyevu kidogo, kivulini. Baada ya miezi kadhaa kila kimoja kinaweza kuunda tunguu dogo kwenye kitako chake, na chipukizi litakalotoka hapo ndilo la kuanza kulizoesha jua la asubuhi.