Maji ya mvua ya mjini kwenye bustani ya mboga: angalia kwanza yamepita wapi

Mvua inapodondoka maji yake huwa karibu safi. Yanachafuka kutokana na yanakopita kabla ya kufika bustanini, kwa hiyo chunguza njia yake kabla ya kununua pipa au bomba.

Maji ya barabarani hubeba mafuta ya injini, zinki ya matairi yanayolika, shaba ya breki na vinyesi vya wanyama. Pale mtaro unapopokea maji ya vyoo vilivyofurika, huongezeka bakteria, virusi na mayai ya minyoo. Maji hayo usiyamwagilie mboga, hata yakionekana meupe. Kuyachemsha au kuyatia klorini huua vijidudu vingi, lakini hakuondoi madini ya risasi wala mafuta. Yapeleke kwenye miti ya kivuli, maua au nyasi.

Ya kumwagilia mboga ni maji ya paa, mradi paa halina vipande vya madini ya risasi, rangi ya zamani inayobambuka wala asbesto. Nayo yana uchafu wake: vinyesi vya ndege, vumbi na majani yaliyooza. Mwingi wa uchafu huo husombwa na maji ya mwanzo wa mvua, na hayo ndiyo ya kumwaga.

Hesabu yake ni rahisi. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ya paa ni lita 1. Ukiamua kumwaga milimita 1 ya mwanzo, paa la mita 50 za mraba linahitaji pipa la lita 50. Wengi hutegemea bomba la wima la milimita 110 peke yake, lakini kila mita ya bomba hilo hushika lita 8 na kitu tu, kwa hiyo uchafu hupita na kuingia tangini. Weka kiungo cha T kabla ya tangi, mguu wake uelekee kwenye pipa lililofungwa vizuri. Pipa likijaa, maji yanayofuata huendelea hadi tangini. Toboa tundu la milimita 2 chini ya pipa ili lijimwage lenyewe baada ya mvua. Kasoro ya kawaida iko hapo: tundu huziba kwa tope, pipa hubaki limejaa, na mvua inayofuata uchafu wote huingia tangini. Lizibue kila baada ya mvua kubwa.

Koki ya tangi iwe sentimita 20 hivi juu ya sakafu yake, maana madini na vijidudu vingi hushikamana na tope linalotuama. Acha maji yatulie siku moja au mbili kabla ya kuyatumia. Funika tangi, na kila tundu la hewa liwe na wavu mwembamba wa kuzuia mbu.

Namna ya kumwagilia ina uzito kama maji yenyewe. Usinyunyizie juu ya majani. Tumia mipira ya matone, inayodondosha maji kidogo kidogo, na chujio kabla yake, iliyolazwa chini ya matandazo ya sentimita 5 ili udongo usirukie mboga. Katika mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2006 kuhusu maji machafu kwenye kilimo, umwagiliaji wa matone huhesabiwa kupunguza vijidudu kwa asilimia 99 kwa mazao yaliyo karibu na ardhi, na asilimia 99.99 kwa yale marefu. Kuosha mboga kwa maji safi hupunguza asilimia 90 tu. Kuosha peke yake hakutoshi. Kwa mboga zinazoliwa mbichi, acha kumwagilia siku chache kabla ya kuvuna: jua huua bakteria wengi, ingawa mayai ya minyoo hudumu udongoni miezi mingi.

Madini hayafi, hujilimbikiza. Tia mboji na weka pH ya udongo (kipimo cha uchachu wake) kati ya 6.5 na 7, kwa chokaa ikihitajika, ili mimea ifyonze kidogo kadmiamu, madini yenye sumu. Mboga za majani huifyonza zaidi kuliko nyanya au maharage. Mboga za mizizi nazo huja na udongo wenye madini ya risasi, basi zimenye.

Bustani ikifurikiwa na maji ya mtaro, tupa mboga zote za majani zilizoguswa. Baada ya hapo subiri siku 120 kabla ya kuvuna chochote kinachogusa udongo na kuliwa kibichi, kama inavyoshauriwa kwa samadi mbichi.