Kitenzi kwanza: ninavyowasaidia watoto wa kidato cha pili kujijua na kuzijua kazi

Kuna binti nilimkosea. Alikuwa kidato cha pili, amepata 31 kwenye Fizikia, nami nikamwita ofisini nikamshauri aachane na Fizikia na Kemia, aende sanaa. Nilitazama alama, basi. Miaka minne baadaye nikamkuta Makoroboi, mjini Mwanza, kwenye meza ya fundi simu, ameinamia kazi, anaunga waya mwembamba kama unywele. Akainuka, "Shikamoo Madam." Katika mazungumzo nikajua kwamba tangu darasa la tano alikuwa akitengeneza redio za majirani. Sasa anataka kusomea elektroniki, na kila jioni analipia masomo ili arudie Fizikia kama mtahiniwa wa kujitegemea.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya kata upande wa Ilemela, na ndiye niliyekabidhiwa ushauri na unasihi. Tangu siku ile nimebadili namna ninavyofanya. Haya ninayoyaandika nimeyajaribu kwa watoto wa miaka 13 hadi 15, darasani watoto zaidi ya 60, bila bajeti. Mwalimu mwenzangu anaweza kuyafanya, hata mzazi mwenye mtoto mmoja nyumbani.

Acha kuuliza "unataka kuwa nani?"

Nililiuliza swali hili kila Januari kwa miaka mingi na majibu yalikuwa yaleyale: daktari, rubani, mwanajeshi, mwalimu, mwanasheria. Shule yetu iko mwendo wa dakika ishirini kwa miguu kutoka ziwani. Nusu ya nyumba zinazotuletea watoto zinaishi kwa sangara na dagaa. Hakuna mtoto hata mmoja aliyetaja samaki. Mtoto hutaja kazi alizoziona kwenye kitabu cha darasa la tatu, au ile ambayo mjomba wake akiitaja watu wananyamaza wamsikilize.

Nilijaribu pia madodoso. Mwaka 1959 mwanasaikolojia wa Marekani, John Holland, alizigawa tabia za watu na kazi katika makundi sita, na madodoso mengi ya kuchagua kazi yanayozunguka leo yametokana na wazo lake. Wazo ni zuri. Lakini ukimpa mtoto wa kidato cha pili karatasi yenye "Napenda kuongoza wengine: ndiyo au hapana", anaweka tiki pale anapodhani Madam atafurahi. Nilikusanya karatasi 64 na karibu wote walikuwa viongozi.

Nikarudi kwenye somo langu mwenyewe. Jina la kazi ni nomino. Mtoto wa miaka 14 hana nomino bado, na hakuna haraka. Alicho nacho ni vitenzi. Anapanga, anarekebisha, anabembeleza, anahesabu, anabishana, anachora, anapika, anauliza. Tafuta hivyo kwanza.

Wiki mbili za daftari

Mwambie kila mtoto ageuze daftari moja, aanze kuandika kutoka nyuma. Kila jioni, kwa siku 14, anajibu mambo matatu: leo nimefanya nini bila kutumwa? Nimefanya nini mpaka nikasahau muda? Nimekwepa nini? Mistari mitatu inatosha, na lugha iwe yoyote anayoimudu. Wangu wengine huandika Kisukuma, nami naomba wenzao wanisomee.

Usisahihishe tahajia. Naomba nilisisitize hili kwa sababu mikono yetu walimu inawasha. Ukiweka kalamu nyekundu mara moja tu, kesho yake mtoto ataandika "Leo nimemsaidia mama kufagia" na hutapata kitu kingine tena hadi mwisho.

Utakachokipata kitakushangaza. Kijana mmoja niliyemjua kwa kuchelewa namba aliandika: "Nimepanga ndoo za watu bombani, kila mtu na zamu yake, leo hawajapigana." Alifanya hivyo siku tisa kati ya 14, na kumbe ndicho kilichokuwa kinamchelewesha. Binti mwingine: "Nimehesabu hela ya mama ya dagaa, imepungua 1,500, nimemtafuta aliyekosea chenji." Mwingine aliandika kwa siku tano mfululizo, "Sijafanya kitu." Huyo usimpite. Nilikaa naye chini ya mwembe, tukaipitia jana yake saa kwa saa. Alikuwa amemgeuza bibi yake kitandani mara tatu, amemwogesha, amemlisha uji, amebaini kidonda mgongoni kinaanza na kumwita jirani. Hakuona kwamba hiyo ni kazi, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuiita kazi.

Wiki mbili zikiisha, mtoto anapigia mstari vitenzi vyote na kuhesabu vipi vimejirudia. Anabaki na vitatu. Halafu mwombe jirani yake wa dawati amwandikie kitenzi cha nne, kile ambacho yeye anamwona akikifanya vizuri. Karatasi hizo pitisha mkononi mwako kwanza kabla hazijamfikia mwenyewe. Wapo watakaoandika "kulala", na mtoto mnyonge akisomewa neno kama hilo mbele ya wenzake ataumia.

Mfuateni samaki mmoja

Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi, na sijutii.

Chukua kitu kimoja kinachozalishwa karibu na shule, mkifuate kutoka kinapoanza mpaka kinapoishia, mkiandika kila mtu anayekigusa. Sisi tunamfuata sangara. Kama uko Kyela, fuata gunia la mpunga. Kama uko Njombe, fuata mbao. Mjini kabisa, fuata sare ya shule kutoka jora mpaka mgongoni mwa mtoto.

Kwanza ruhusa: mkuu wa shule, barua kwa wazazi, na viongozi wa BMU, yaani kile kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi kilichopo kila mwalo, pale boti zinaposhusha samaki. Tunakwenda Jumamosi alfajiri, makundi ya watoto sita sita, kila kundi na mtu mzima, na wasichana hawaachwi peke yao hata kwa dakika kumi. Hakuna kupanda mtumbwi. Sheria hiyo haina mjadala.

Siku ya kwanza nilidhani watarudi na kazi tano. Walirudi na 37. Mvuvi walimjua. Hawakuwa wamemfikiria anayeunda mtumbwi na kukisia kwa jicho mbao ipinde wapi. Anayeshona nyavu. Fundi wa mashine za boti. Anayechaji taa za kuvulia dagaa usiku. Muuza barafu, ambaye alfajiri anakisia ndoo ngapi zitayeyuka kabla boti haijarudi. Afisa uvuvi aliyesimama na rula, kwa kuwa sangara aliye chini ya sentimita 50 haruhusiwi. Mnunuzi wa mabondo, anayelipia kifuko kile cha hewa cha samaki zaidi kuliko nyama yenyewe, kwa ajili ya soko la China. Kiwandani wapo wanaotoa minofu, mpima ubora mwenye koti jeupe, fundi wa majokofu, mwanamke anayeandaa nyaraka za kusafirisha mzigo nje. Kwenye soko la Mwaloni, Kirumba, wanunuzi wa dagaa wanatoka Kongo, Rwanda na Burundi, na kundi moja lilimkuta kijana wa Kitanzania ambaye kazi yake nzima ni kusimama katikati ya muuzaji na mnunuzi anayehesabu kwa Kifaransa.

Maswali ya kumwuliza mfanyakazi tunayaandaa darasani. Watoto hutaka kuuliza mshahara kwanza. Mimi nawaambia waulize: siku mbaya ya kazi hii ikoje? Mtu atakayekwepa kutaja mshahara atakueleza siku mbaya bila kificho, na humo ndani fedha itajitaja yenyewe. Kisha: ulijifunzia wapi, na kwa muda gani? Mikono yako inafanya nini zaidi, na kichwa chako? Nani akikosekana leo wewe huwezi kufanya kazi? Swali hili la mwisho ndilo linalomfungua mtoto, kwa sababu kila jibu linamtaja mtu mwingine ambaye hakuwa kwenye orodha.

Jumatatu tunarudi darasani na kubandika karatasi ukutani, kila kazi na vitenzi vyake. Halafu kila mtoto anatembea na vitenzi vyake vitatu akitafuta vinakokutana. Kijana wa ndoo alisimama kwa muda mrefu mbele ya karatasi ya msimamizi wa upakuaji mwaloni: kupanga foleni, kutuliza ugomvi, kukumbuka nani alitangulia. Kisha akaniuliza, "Madam, hii inasomewa?" Ndiyo, inasomewa. Tukaanza kuzungumza habari za ugavi na bandari.

Wageni wa kuzungumza darasani waje baadaye, na waje wachache. Meneja mwenye tai watoto humpigia makofi na kumsahau. Mlete aliyemaliza shuleni kwenu miaka mitatu au minne iliyopita, aje na kifaa chake cha kazi, aeleze alivyolipa nauli na alikolala mwezi wa kwanza.

Sasa masomo

Ukianza na masomo, umeanza kwa mkia. Lakini ni lazima ufike hapa kabla ya upimaji wa kidato cha pili, kwa sababu baada yake wengi huacha Fizikia na Kemia na hakuna anayewaambia wanafunga mlango gani. Yule anayemwogesha bibi, ambaye vitenzi vyake ni kuhudumia na kuchunguza, aliniletea jina lake kwenye orodha ya wanaoacha Kemia. Vyuo vya uuguzi na utabibu vinadai ufaulu wa Kemia na Baiolojia. Nilimweleza hivyo tu, bila kumsukuma. Akaenda mwenyewe kumwomba mwalimu wa Kemia amfundishe upya mada tatu.

Waambie na njia zilizopo, kwa uwazi, bila kuziweka daraja la kwanza na la pili. Mwaka 2024 serikali iliongeza tahasusi, yaani michanganyiko ya masomo, 49 za kidato cha tano juu ya zile 16 za zamani, zikawa 65. Wazazi wengi bado wanadhani ziko PCB (Fizikia, Kemia, Baiolojia), HGL (Historia, Jiografia, Kiingereza) na ndugu zake wachache. Mwaka huohuo baadhi ya shule zilianza kupokea kidato cha kwanza wa mkondo wa amali, yaani wa ufundi na kazi za mikono. VETA, yenye vyuo vya ufundi stadi, ipo, na haikuanzishwa kwa ajili ya walioshindwa. Hapa kwetu kuna chuo cha uvuvi, FETA, pale Nyegezi, na watoto wangu wengi walikuwa wakipita getini kwake na daladala bila kujua ndani kunafundishwa nini.

Mzazi

Mzazi akikwambia "mwanangu lazima awe daktari", usibishane. Nyuma ya neno hilo kuna hofu ya umaskini, na ni hofu ya haki. Baba mmoja, mvuvi, alikuja amekasirika kwamba shule inampeleka bintiye mwaloni, mahali ambapo yeye anahangaika ili mtoto aondoke hapo. Nilimwambia, "Mzee wangu, naomba usome kurasa hizi tu, kisha tuzungumze." Akasoma zile siku 14 taratibu, kidole chini ya mstari. Lilikuwa daftari la yule binti wa hesabu. Alipofika kwenye 1,500 akauliza, "Hii ndiyo siku ile? Kumbe ni yeye aliyeipata?" Hatukubishana tena. Tuliongea habari za uhasibu, gharama zake, na nani katika ukoo ana nyumba karibu na chuo.

Mwite mzazi mmoja mmoja kama unaweza. Kwenye kikao cha wazazi 200 hakuna atakayesoma daftari.

Ukurasa wa mwisho

Rudia zile wiki mbili muhula wa pili. Vitenzi vinabadilika, hasa kwa wavulana waliovunja sauti katikati ya mwaka, na mtoto aliyebandikwa kazi mwezi Machi ataibeba hata kama imeshambana. Ndiyo maana sitoi cheti wala simwandikii mtu "wewe ni fundi".

Kabla ya upimaji, kila mtoto anajaza ukurasa mmoja: vitenzi vyangu vitatu, kazi mbili nilizoziona kwa macho yangu, somo moja nisiloweza kuliacha, na swali moja ambalo bado sijapata jibu lake. Mzazi anatia sahihi, nami nampa mwalimu wa darasa wa kidato cha tatu ili asianze upya na alama peke yake.

Yale maswali nayasoma siku hiyohiyo. Mwaka huu kijana mmoja ameandika: "Wanaopima kina cha ziwa wanajuaje bila kuzama, na wanasomea wapi?" Nauli ya daladala nimeshaitenga, Jumamosi tunakwenda Nyegezi kuuliza.